Ridi za plastiki kwa klarineti za shule: zinalipa kweli?

Mwalimu_Mamboleo (Kisumu)

Hamjambo wanajukwaa. Nafundisha muziki katika shule ya upili hapa Kisumu, na bendi pia ni mzigo wangu. Tuna klarineti sita za Bi-flati, zote za mwili wa plastiki, zilizokuja kwa hisani pamoja na tarumbeta na trombone. Wanaozipiga ni wanafunzi kumi, kwa hivyo klarineti nne zina watu wawili wawili, mmoja asubuhi kabla ya gwaride, mwingine jioni baada ya michezo. Tarumbeta hazinisumbui. Mafuta kidogo kwenye vali na mambo yanaenda. Kinachonimaliza ni ridi za klarineti, vile vipande vyembamba vinavyotetemeka mdomoni na kutoa sauti.

Naagiza ridi za mwanzi kutoka Nairobi, namba 2 na 2½ (namba ndiyo ugumu wake), boksi la kumi kila mara. Zikifika nagawa, na kabla muhula haujafika katikati naanza kuombwa tena. Mwalimu mkuu aliniuliza mbele ya bursa kama wanafunzi wanazila. Kuna wakati nilijaribu za bei nafuu kutoka duka fulani, zikaja zina ukijani karibu na kisigino, ule upande mnene, na hazikutoa sauti ya maana hata moja.

Sasa mzazi mmoja anayeishi Kanada amejitolea kututumia ridi za plastiki za kampuni ya Légère, moja kwa kila klarineti. Ila ameniomba nimwambie kwanza kama zinafaa, kwa sababu bei ya moja inakaribia bei ya boksi zima la mwanzi. Sijawahi kuipiga hata moja. Mimi ni mtu wa piano na kwaya, klarineti niliijua chuoni kwa sababu ilibidi.

Nauliza: sauti yake ni ya klarineti kweli? Zinadumu mikononi mwa watoto? Na joto letu la huku, hasa mchana wa Februari, zinalivumilia? Tamasha la muziki liko muhula wa pili na nina kipande chenye klarineti tatu. Sitaki kubahatisha.

Jathum_Siaya

Mwalimu, mwambie atume leo kabla hajabadilisha nia.

Mimi napiga klarineti na saksofoni kwenye bendi ya matanga, Ugunja, Bondo, Yala, popote tunapoitwa. Wewe unajua matanga ya kwetu. Tunapiga mwili ukiingia nyumbani, kisha tunakaa. Anaongea mzee wa ukoo, wanaongea wakwe, wanaongea walimu waliofundishwa na marehemu, anasimama MCA, halafu mheshimiwa anafika amechelewa na kila kitu kinaanza upya. Klarineti iko pajani wakati huo wote. Ghafla mshereheshaji anasema "bendi!" na watu wote wamegeuka kukutazama. Ukiwa na ridi ya mwanzi, ncha imeshakauka na kujikunja, unailamba kama mwendawazimu huku kiongozi wa bendi anahesabu moja, mbili. Ya plastiki haihitaji mate. Naweka mdomoni, inatoka.

Jambo jingine, nabadilisha kutoka saksofoni kwenda klarineti katikati ya wimbo. Kwa mwanzi, ile unayoiweka chini ndiyo inayokauka. Tangu nihamie plastiki sijawahi kurudi nyuma, na waombolezaji hawajawahi kuniuliza ridi yangu imetengenezwa na nini.

Lawama yangu ni moja tu, maji. Kwa sababu haifyonzi mate, matone yanajikusanya upande wa chini na sauti inaanza kuchemka. Navuta hewa ndani kwa nguvu nikipata pumziko, yanaondoka.

MzeeLanet (Nakuru)

Mwalimu, salamu kutoka Lanet. Mimi ni mstaafu wa bendi ya jeshi. Siku hizi nafundisha vijana wa kanisa hapa Nakuru na kurekebisha ridi kwenye kibaraza, kazi ambayo mama watoto anaiita uvivu uliovaa miwani.

Aliyosema Jathum ni kweli, lakini ni kweli ya mtu mwenye klarineti moja, yake mwenyewe, anayelala nayo chumba kimoja. Wewe una watoto kumi na kabati la stoo. Usimjibu mzazi bado. Kuanzia Jumatatu, ridi ikifa isitupwe. Tafuta mkebe, na kila anayetaka ridi mpya alete maiti ya ile ya zamani. Ukishapata za kutosha zimwage mezani, karibu na dirisha, uangalie zimekufa kifo gani. Mjadala wa sauti tutaufanya hata mwaka mzima, lakini hesabu yako iko ndani ya mkebe huo.

Ridi ya mwanzi ina vifo vyake. Kuna kifo cha uzee: ncha iko nzima, rangi imekuwa ya kijivu, ukiipiga noti za chini bado zinatoka lakini ukipanda juu sauti inalegea na kushuka. Huo ni mwisho wa heshima, ridi imefanya kazi yake. Kuna kifo cha hali ya hewa: ncha imekuwa na mawimbi, au mgongo ule bapa umepinda hivi kwamba ukiulaza juu ya kioo unaona mwanga ukipita chini yake. Hicho kwetu Nakuru tunakijua sana miezi ya Januari na Februari, upepo mkavu ule wa vumbi. Kuna kuoza: vidoa vyeusi, ridi imeachwa imefungwa kwenye klarineti ikiwa mbichi, sanduku likafungwa, na huko kwenu kwenye unyevu wa ziwa hiyo haichukui muda. Kuna kifo cha ajali: kona imemegeka au kuna ufa unaopanda na nyuzi. Na kuna zile zilizozaliwa maiti, kama hizo zako za ukijani. Mwanzi haukukomaa au haukukaushwa vya kutosha. Ridi nzuri gome lake ni la dhahabu, mara nyingi na madoa ya kahawia, na ukiiinua kwenye mwanga unaona kivuli cha umbo la V iliyogeuzwa, mabega yake sawa kushoto na kulia.

Sasa sikia. Plastiki inaponya kifo cha hali ya hewa na cha kuoza, na kile cha uzee inakisogeza mbele miezi kadhaa. Cha ajali haiponyi. Ncha yake ni nyembamba vilevile. Ikigonga jino au ikinaswa na uzi wa mkono wa sweta, inameguka, na ukiona hivyo umepoteza thamani ya boksi zima kwa sekunde moja. Ndiyo maana nataka uone mkebe kwanza.

Kuhusu kiwanda chenyewe, hao jamaa wa Légère wako Barrie, Ontario, na kampuni ilianza 1998. Wanatumia polipropilini, jamaa ya ile ya ndoo na vibakuli vya jikoni, lakini imevutwa ili molekuli zake zilale upande mmoja, kwa kuiga nyuzi za mwanzi. Kwa sababu haifyonzi maji, uliyopiga jana ndiyo utakayopiga leo. Namba zao zinapanda kwa robo, 2¼, 2½, 2¾, wakati ridi nyingi za mwanzi zinapanda kwa nusu. Hilo napenda. Ila jihadhari, namba za kampuni moja si za nyingine. Rico 2½ ni laini kuliko Vandoren 2½, mtoto akihama kutoka moja kwenda nyingine bila kuambiwa atadhani mapafu yake yameugua. Légère wana jedwali lao la kulinganisha, mzazi alitumie, asikisie.

Sauti ni ya klarineti, ndiyo. Wapo wapigaji wa okestra kubwa za Ulaya wanaozitumia na wewe ukikaa viti vya nyuma hutajua. Mimi nikizipiga nazisikia zina ung'avu fulani ambao hauondoki hata ukitaka uondoke. Ya mwanzi inakuruhusu kuififisha sauti mpaka karibu na kimya, kisha uirudishe. Kwa bendi ya shule uwanjani hilo si kitu.

Joto sasa. Plastiki hulegea ikipata moto na hukaza ikipata baridi. Ridi iliyo sawa saa moja asubuhi itakuwa laini saa nane mchana, na huko Kisumu juani laini hiyo utaisikia kwenye noti za juu, zinashuka na kukonda. Huku kwetu Julai asubuhi ni kinyume, inakuwa ngumu kama kijiti mpaka uipashe mdomoni. Klarineti yenyewe nayo inapanda sauti ikipata joto, kwa hiyo mtoto anapigana na vitu viwili vinavyoenda pande tofauti. Mwenye ridi za plastiki za ugumu wa aina moja tu amejifunga. Wapigaji wengi wa plastiki wanakuwa na mbili na kuzipokezana, moja ikipumzika inarudisha ukakamavu wake.

Jambo la mwisho ndilo linalosahaulika. Mwanzi ukilowa unavimba kidogo na kujilaza vizuri juu ya mdomo wa klarineti, kile kipande cha juu kinachoingia kinywani, hata kama mdomo huo hauko sawasawa kabisa. Plastiki haisamehi. Klarineti nyingi za shule zina mdomo uliokwaruzwa au uliopinda kidogo pale ridi inapolala, na ukiweka plastiki hapo inapiga kelele, kisha watu wanailaumu ridi. Fanya jaribio hili kwa kila klarineti. Funga ridi kwenye mdomo wake, toa mdomo huo kwenye klarineti, ziba tundu la chini kwa kiganja, vuta hewa yote kisha achia midomo yako. Ridi ikibaki imenata kidogo halafu ikaachia *po!*, inaziba. Ikiachia papo hapo, hewa inavuja, na pesa za Kanada zitavujia hapohapo.

Na umesema moja kwa kila klarineti. Watoto ni kumi. Ina maana nane kati yao watapokezana ridi moja mdomoni, asubuhi mmoja, jioni mwingine. Ridi za mwanzi angalau kila mtoto ana yake. Ya plastiki inaoshwa kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, sawa, lakini nani ataosha?

KlarinetiKakamega

Mulembe wazee. Nauliza hivi, kwa nini tunalipa dola wakati Yala Swamp imejaa matete na pale Dunga mafunjo yanafika ukingoni mwa barabara? Mwanzi si mwanzi? Fundi mzuri hawezi kuzichonga hapa hapa?

MzeeLanet (Nakuru)

Kijana, swali si la kuchekwa. Mafunjo yaondoe kabisa, ndani yamejaa uboya, hayana ukuta. Matete yetu ya kawaida ukuta wake ni mwembamba. Kisigino cha ridi ya klarineti kinataka unene wa karibu milimita 3, na bomba lenyewe liwe na kipenyo cha kama sentimita 2½ ili kipande cha upana wa milimita 13 kisiwe kimejipinda sana mgongoni. Mmea unaotumika ni Arundo donax, na unaosifika zaidi unatoka jimbo la Var, kusini mwa Ufaransa, kati ya Marseille na Nice. Argentina nao wanalima. Unakatwa majira ya baridi ukiwa na miaka miwili, unaanikwa juani mpaka ugeuke rangi ya dhahabu, kisha unawekwa ghalani ukomae ndipo uchongwe. Vandoren wanafanya kazi hiyo tangu 1905. Ncha inaachwa milimita 0.1 hivi. Fundi wa jua kali anaweza mengi, na mimi ni shabiki wake, lakini kwa kisu cha mkono kufika hapo na kuacha pande mbili sawa ni ridi moja nzuri kwa rundo zima la vipande vya kuwashia jiko.

Ukitaka ujuzi unaolipa, jifunze kufufua ridi badala ya kuichonga upya. Nenda kwa fundi wa vioo, mwombe kipande cha kioo cha dirisha ukubwa wa kiganja. Nunua msasa laini kabisa, namba 600 hivi. Ridi yenye mgongo uliopinda ilaze juu ya msasa, msasa juu ya kioo, sugua taratibu kwa urefu bila kukandamiza ncha, mpaka mgongo wote ung'ae sawa. Nyingi zinazoonekana zimekufa kwa hali ya hewa zinarudi.

Kisha pima pande. Piga G ya wazi, ile ambayo hubonyezi chochote. Zungusha klarineti kidogo mdomoni ili midomo ikamate upande mmoja wa ridi, ule wa pili upige peke yake. Badilisha. Upande unaotoa sauti iliyobanwa ndio mzito, huo ndio unaoukwangua, misuguo miwili mitatu ya msasa pembeni, halafu unapiga tena. Katikati usiguse. Ukishaondoa moyo wa ridi haurudi.

Hapo ndipo plastiki inaponichosha mimi binafsi. Ilivyokuja ndivyo itakavyokaa. Ikikupendeza umepata rafiki, isipokupendeza huna la kuifanya.

DadaSection58 (Nakuru)

Mzee wetu, heshima zako, lakini hapa nitakupinga kidogo.

Mimi nilianza klarineti nikiwa mtu mzima, nafanya kazi hospitalini, na muda wangu wa mazoezi ni ule unaobaki watoto wakishalala. Najiandaa kwa mtihani wa muziki wa ABRSM, gredi ya 6. Nilipokuwa kwenye mwanzi, nusu ya muda huo mdogo ilikuwa inakwenda kwa kuloweka, kujaribu hii, kuiacha, kujaribu ile. Kibaya zaidi, nikishindwa kuvuka kutoka A ya kati kwenda B, pale ambapo vidole vyote vinashuka pamoja, sikujua kama tatizo ni ridi au ni mimi. Kila ridi ilinipa sababu ya kujisamehe.

Na plastiki, ridi ni ileile kila usiku. Noti isipotoka najua ni mimi. Ilinifunza haraka kuliko kitu kingine chochote, na mwalimu wangu aliona tofauti kabla sijamwambia nimebadilisha nini. Hiyo ya kukwangua kwenye kibaraza ni raha ya mtu aliyeshajua ridi nzuri inatakiwa kuhisiwaje. Mwanafunzi anayeanza hajui. Unampa msasa anaharibu ridi iliyokuwa nzima.

MzeeLanet (Nakuru)

Dada, kwa hali yako sikupingi hata kidogo. Klarineti moja, mtu mmoja, nidhamu ya hospitali, na yote yanafungiwa kabatini. Hiyo ndiyo nyumba ambayo plastiki iliumbiwa. Na hilo la kujua kosa ni la nani ni hoja nzito, nitaitumia kwa vijana wangu bila kusema nimeitoa wapi.

Ila wa Mwalimu ni watoto wa bweni. Tungoje mkebe.

Mwalimu_Mamboleo (Kisumu)

Wakuu, samahani kwa kimya, tulikuwa na mitihani. Mkebe umejaa.

Nilizimwaga jana kwenye meza ya maabara ya fizikia, chini ya taa, na mwalimu wa fizikia akaacha kusahihisha akaja kutazama. Zenye vidoa vyeusi zipo, chache. Zenye mawimbi zipo, chache pia, kwetu hewa si kavu kama Nakuru. Za uzee sikuona hata moja, yaani hakuna ridi katika shule yangu iliyowahi kufikia kustaafu. Nyingi mno, sehemu kubwa ya lundo, zimemegeka ncha. Na cha ajabu zimemegeka karibu zote kwenye kona, si katikati.

Mwalimu wa fizikia ndiye aliyesema, "Hawa watoto wanafanya kitu kimoja, wote." Kwa hivyo jioni nikakaa kimya pembeni nikawaangalia wakifunga vyombo. Mtoto anaweka ridi kwanza juu ya mdomo wa klarineti, anaishikilia kwa kidole gumba, halafu anashusha kile kibanio chenye skrubu kutoka juu, kinapita kwenye ncha. Kikienda mshazari kidogo tu, kinagonga kona. Nikamuuliza wa kidato cha pili nani alimfunza hivyo. Akasema wa kidato cha tatu. Wa kidato cha tatu naye alifunzwa na waliomaliza.

Vifuniko vya mdomo navyo, klarineti sita zina kifuniko kimoja. Vingine vilienda na likizo.

Nilifanya pia jaribio la *po*. Nne zinaziba. Mbili zinaachia papo hapo, na moja kati ya hizo ina mkwaruzo unaoonekana kwa macho, nadhani mtu alitumia kisu kutoa ridi iliyonata.

Namwambia nini mzazi?

MzeeLanet (Nakuru)

Mpe salamu mwalimu wa fizikia, ana jicho.

Kibanio kinatangulia, ridi inafuata. Kibanio kiwe kimeshaingia kwenye mdomo wa klarineti, kimelegezwa, ndipo ridi iteleze chini yake ikitangulizwa kisigino, kutoka juu kwenda chini, ukiishika pembeni na si kwenye ncha. Ipange mpaka ncha ya ridi ilingane na ncha ya mdomo, ukiangalia kutoka mbele uone uzi mwembamba tu wa weusi juu yake. Kisha kaza, skrubu ya chini imara, ya juu iguse tu. Wakati wa kutoa ni kinyume chake. Wafundishe wote kumi siku moja, wa kidato cha tatu wakiwa mbele, la sivyo mafundisho ya zamani yatarudi kwa mlango wa nyuma.

Ukituma plastiki sita kwenye mikono ile uliyoiona jana, zitaishi hadi Jumatano.

Kwa hiyo mzazi mwambie hivi: thamani ya ridi sita za Légère ni karibu maboksi sita ya mwanzi, ambayo ni ridi sitini, sita kwa kila mtoto. Aigawe. Maboksi manne ya mwanzi, na ridi mbili za plastiki. Kama akipata zile za D'Addario (zamani Rico) zilizofunikwa na plastiki nyeusi, mwanzi ndani, koti nje, boksi moja kati ya hayo manne liwe la aina hiyo. Hizo zinawafaa watu wa kusimama nje na zinastahimili kukauka, zitakufaa kwenye gwaride na siku za michezo.

Jathum_Siaya

Mzee, hizo mbili za plastiki apewe nani? Usije ukasema zikae kwa ofisi ya mwalimu mkuu.

MzeeLanet (Nakuru)

Zinaenda kwa watu wawili. Ya kwanza, mtoto anayepiga klarineti ya kwanza kwenye kipande cha tamasha, kwa sababu zile klarineti tatu zikikaa nje ya ukumbi zikingoja kuitwa, wa kwanza akiingia na ridi kavu wote wameingia vibaya. Ya pili, kama kuna mtoto anayeshika pia saksofoni, ni yake, kwa sababu uliyoieleza wewe Jathum. Wote wawili wawe wale ambao klarineti zao hazina mtu wa pili, na ziwe katika zile nne zilizofaulu *po*. Zile mbili zinazovuja zipelekwe kwa fundi, au mdomo mpya ununuliwe. Mdomo wa kawaida wa wanafunzi kwa klarineti moja utakupa mabadiliko makubwa kuliko ridi yoyote ya aina yoyote.

Namba, kwa wanaopiga Vandoren 2½ sasa, mzazi aangalie jedwali la Légère, na akikuta yuko kati ya mbili achukue ile ya juu kwa robo. Kwa joto la Kisumu italegea yenyewe ikifika mchana.

Mwalimu_Mamboleo (Kisumu)

Nimemwandikia. Amejibu kwamba manne na mbili ni sawa, na anauliza kama aongeze msasa. Nimemwambia msasa tunao.

Nimebaki na swali la vifuniko. Nairobi nilipoulizia wanauza mdomo mzima pamoja na kifuniko, peke yake hawana.

MzeeLanet (Nakuru)

Nina mkebe wa vifuniko vya zamani hapa, vingine vya plastiki, vingine vya bati, vya klarineti ambazo zenyewe hazipo tena. Leta kile kimoja ulicho nacho kama kipimo. Ukisafiri kwenda Nairobi unapita Lanet, shuka, tuvijaribu kimoja kimoja. Na ule mdomo wenye mkwaruzo uje nao, nitaulaza juu ya kioo tuone kama unaponyeka.